Matege ya mtoto: Yapi ya kungoja, yapi ya kukimbiza hospitalini

Mtoto wako ametimiza mwaka mmoja na miezi michache, ameanza kutembea, na nyumba nzima inafurahi. Kisha jirani anamwona akipita uani huku magoti yameachana kama mtu aliyepanda pipa. Anakuuliza, "Mama Kevo, huyu mtoto miguu yake mbona hivi?" Tangu siku hiyo huna amani. Unaambiwa ulimsimamisha mapema mno. Unaambiwa ulimbeba vibaya mgongoni. Nyanya yake anataka akandwe kwa mafuta kila jioni, shangazi anakushauri ununue viatu vya bei ghali vyenye vyuma, na hakosi mtu wa kusema kwamba mtoto amerogwa.

Leo tunataka kukueleza jinsi miguu ya mtoto inavyokua, kwa nini miguu iliyopinda humfanya ayumbe au aanguke ovyo, na hasa jinsi wewe mzazi unavyoweza kutofautisha matege yatakayoondoka yenyewe na yale yatakayozidi kuwa mabaya ukingoja. Tofauti hii si jambo dogo. Kuna aina moja ya matege ambayo, ikitibiwa kabla ya mtoto kutimiza miaka 4, ina nafasi nzuri ya kunyooka na kubaki imenyooka. Ikiachwa hadi mtoto awe darasani, huenda akapasuliwa mara mbili au tatu na bado mguu usikae sawasawa.

Kila mtoto huzaliwa na matege

Jambo la kwanza ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba matege ni hali ya kawaida kwa mtoto mchanga. Kabla ya kuzaliwa alikuwa amekunjwa tumboni, magoti yamepinda na nyayo zimetazamana. Mtoto mchanga huwa na pembe ya digrii 15 hivi kwenye magoti, yaani magoti yametoka nje na vifundo vya miguu vimekaribiana. Huwezi kuona vizuri kwa sababu bado hajasimama. Anapoanza kutembea ndipo watu wanapoona, na wanadhani kutembea ndiko kulikoleta matege.

Kuanzia mwezi wa 18 hadi miaka 2 miguu hunyooka. Lakini haikomi hapo. Huendelea kupinda upande wa pili, na mtoto wa miaka 3 au 4 huwa na magoti yanayogongana huku vifundo vya miguu vikiwa mbali. Mama aliyekuja kliniki mwaka juzi akilalamika kwamba mwanawe ana matege hurudi na malalamiko ya kinyume kabisa. Baadaye magoti hayo nayo huanza kurudi taratibu, na kufikia miaka 7 mguu huwa umekaa karibu kama wa mtu mzima, ambao kwa kweli si mnyoofu kama rula. Una pembe ndogo ya digrii 5 au 6 kuelekea ndani.

Safari hii ya mguu ilielezwa vizuri mwaka 1975, wakati madaktari Salenius na Vankka wa Ufini walipochapisha vipimo vya miguu ya watoto wengi, kuanzia wachanga hadi vijana. Tangu hapo madaktari wa mifupa duniani kote wamekuwa wakitumia mchoro wao. Ndiyo maana daktari akikutajia umri wa mtoto kabla hata hajamgusa, usidhani anapuuza. Umri ndio swali la kwanza. Magoti yanayogongana ya mtoto wa miaka 3 hayamtishi daktari. Matege ya mtoto wa miaka 3 yanamtisha.

Kwa nini mguu uliopinda huleta kuyumba

Chukua uzi, ushikilie sehemu ya juu kwenye nyonga ya mtu aliyesimama na sehemu ya chini katikati ya kifundo cha mguu wake. Kwa mtu mzima mwenye miguu ya kawaida, uzi huo utapita katikati ya goti. Uzito wa mwili hushuka kwa njia hiyo, na goti hubeba mzigo pande zote mbili karibu sawa. Mguu ukiwa na matege, uzi hupita ndani ya goti, kwa hivyo upande wa ndani ndio unaobanwa. Magoti yakigongana, uzi hupita nje, na upande wa nje ndio unaoumia.

Sasa kumbuka kwamba kutembea ni kusimama kwa mguu mmoja, kisha kwa mguu wa pili, mara nyingi. Kila hatua ina muda mfupi ambapo mwili wote uko juu ya wayo mmoja. Mtoto wa mwaka mmoja hawezi kuvumilia muda huo, kwa hivyo huurudisha mguu wa pili chini upesi. Ndiyo sababu hatua zake ni fupi na za haraka, miguu yake imetanuka na mikono yake iko juu kama anayetembea juu ya ukuta. Hukanyaga kwa wayo mzima. Baada ya miezi michache huanza kutanguliza kisigino, na mikono hushuka na kuanza kupunga. Akifika miaka 3 mwendo wake unafanana sana na wetu, na kufikia miaka 7 huwa umekomaa.

Mtoto huyu mdogo akianguka mara kumi kwa siku, usiyalaumu matege. Ubongo wake bado unajifunza, kichwa chake ni kizito kwa mwili wake, na miguu iliyotanuka kwa kweli inamsaidia asimame.

Hali hubadilika iwapo mguu unabaki umepinda wakati wenzake wamekwisha nyooka. Mwenye matege makubwa hulazimika kuupeleka mwili upande huu na upande ule kila hatua, akitembea kama bata. Ukimtazama kwa nyuma unaweza kuliona goti likiruka kwenda nje kila anapokanyaga, kana kwamba linataka kuchomoka. Ukiona goti linaruka hivyo, usingoje kliniki ya mwezi ujao.

Mwenye magoti yanayogongana ana shida nyingine. Magoti yanasuguana, kwa hivyo ili goti moja lipite jingine inambidi auzungushe mguu kwa nje. Akitembea haonekani sana, lakini mwambie akimbie utaona miguu ikitupwa pembeni. Huchoka upesi, huachwa nyuma na wenzake njiani kwenda shuleni, na jioni hulalamika kwamba magoti au nyayo zinamuuma.

Kuna na wale ambao vidole vyao vinatazama ndani. Hapa mguu haukupinda kwa upande bali umejisokota, ama kwenye wayo, ama kwenye muundi, ama juu kwenye mfupa wa paja. Mtoto kama huyu hujikwaa kwa mguu wake mwenyewe. Kidole cha mguu wa nyuma hunasa kisigino cha mguu wa mbele na chini anakwenda. Anayesokotwa kuanzia kwenye paja utamjua hata akiwa ameketi: hupenda kukaa sakafuni magoti yakiwa mbele na miguu imekunjwa nyuma, mmoja huku na mwingine kule. Wazazi hupiga kelele, "Keti vizuri!" Lakini yeye hukaa hivyo kwa sababu nyonga zake zimeumbwa hivyo. Wengi hunyooka wenyewe kufikia miaka 8 hadi 10. Mtoto huyu hafai kuchapwa kwa kumwaga maji ya kunywa, wala kuitwa mzembe na mwalimu wa michezo.

Matege yasiyoondoka

Mfupa wa mtoto hurefukia karibu na ncha zake, mahali penye utando laini wa gegedu. Utando huo ukibanwa kupita kiasi upande mmoja, upande huo hukua polepole na ule wa pili huendelea kama kawaida. Mfupa basi huzidi kupinda, na kadiri unavyopinda ndivyo unavyozidi kubanwa. Hivyo ndivyo ulivyo ugonjwa ambao daktari Mmarekani Walter Blount aliueleza kwa kina mwaka 1937, na ambao hadi leo unabeba jina lake.

Ugonjwa wa Blount hushika sehemu ya juu ya muundi, upande wa ndani, chini kidogo tu ya goti. Huonekana zaidi kwa watoto walioanza kutembea mapema na walio wazito kwa umri wao, na vitabu vya mifupa vinasema kwamba watoto wenye asili ya Kiafrika huupata zaidi kuliko wengine. Hapa kwetu mtoto mnene aliyetembea akiwa na miezi 9 husifiwa na kila mgeni. Wala sisemi umnyime chakula. Ninasema miguu yake uitazame kwa makini zaidi kuliko ya mwenzake.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba kabla ya miaka 2 hufanana sana na matege ya kawaida. Hata eksirei ya mapema huenda isiutofautishe. Kinachoutambulisha ni muda: matege ya kawaida hupungua baada ya miezi 18, haya huongezeka. Mara nyingi mguu mmoja huwa mbaya kuliko mwingine. Ukipatikana kabla ya miaka 3, daktari huweza kujaribu kifaa cha kuushikilia mguu, na ukikataa kunyooka, mfupa hukatwa na kupangwa upya karibu na umri wa miaka 4. Wanaopasuliwa baada ya hapo ndio ambao mguu hurudi kupinda mara kwa mara. Kwa hivyo usemi ule wa "atakua nayo yatanyooka", ambao ni kweli kwa watoto wengi, kwa huyu humpotezea miaka aliyoihitaji.

Mifupa laini katika nchi yenye jua

Sababu nyingine kubwa ya matege mabaya ni riketi, ugonjwa wa mifupa kukosa madini na kubaki laini. Mwili huhitaji madini ya kalsiamu, na huhitaji vitamini D ili kuyaingiza damuni kutoka tumboni. Vitamini hiyo hutengenezwa na ngozi inapopigwa na jua. Mtu atashangaa: Kenya iko kwenye ikweta, jua limejaa, vipi mtoto akose vitamini ya jua?

Tembelea mitaa ya maghorofa yaliyobanana kama Pipeline kule Embakasi utapata jibu. Kuna vyumba ambavyo havioni jua kuanzia asubuhi hadi jioni. Mama anatoka alfajiri kwenda kazini, mtoto anabaki ndani na yaya au kwenye nyumba ya kulelea watoto, na mlango umefungwa kwa usalama wake. Maziwa ya mama ni bora kwa mambo mengi lakini yana vitamini D kidogo sana. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe. Mtoto aliyefunikwa blanketi na kofia hadi machoni hata akipelekwa nje hapati kitu. Mtoe nje kila siku, mikono, miguu na uso vikiwa wazi, kabla ya jua kuwa kali.

Hata hivyo jua peke yake halitoshi. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Jos, Nigeria, mji wenye jua la kutosha, juu ya watoto 123 wenye riketi. Waliopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Tatizo lao lilikuwa chakula. Uji na ugali wa mahindi mchana na usiku una kalsiamu kidogo, na nafaka zina kitu kinachoizuia hiyo kidogo isiingie mwilini.

Dawa ya hili haiko mbali. Maziwa ni bora ikiwa unayaweza. Omena wakisagwa pamoja na mifupa yao na kutiwa kwenye mboga au uji humpa mtoto kalsiamu nyingi kwa bei ndogo. Wimbi una kalsiamu kuliko mahindi kwa mbali, na uji wake ukichachushwa kama walivyofanya bibi zetu, mwili huipata kwa urahisi zaidi. Managu na sukumawiki pia husaidia.

Riketi haishiki miguu tu. Tazama kama vifundo vya mikono vimevimba kama vikuku, kama utosi umechelewa kufunga, kama meno yamechelewa, na kama mbavu zina vinundu vilivyopangana kama shanga. Mtoto huchelewa kutembea, misuli yake ni dhaifu, na akitembea huyumba. Aliyeshikwa akiwa mdogo hupata matege. Aliyeshikwa akiwa mkubwa kidogo hugongana magoti. Na wengine miguu yote miwili hupinda upande mmoja, kama mti uliosukumwa na upepo. Jambo la kutia moyo ni kwamba mtoto akianza matibabu mapema, mifupa hukauka na miguu hunyooka yenyewe kwa miezi mingi bila kisu.

Wakazi wa Bonde la Ufa, hasa pande za Nakuru na Naivasha, wanajua meno ya rangi ya kahawia yanayoletwa na floridi katika maji ya visima. Floridi ikizidi sana haikomi kwenye meno. Katika sehemu za Arusha, nchini Tanzania, imeacha watoto wengi na miguu iliyopinda, na wanaokosa kalsiamu ndio wanaoumia zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuyachemsha maji hakuiondoi. Maji hupungua na floridi hubaki, kwa hivyo huzidi kukolea. Maji ya mvua ndiyo salama kwa uji wa mtoto.

Mguu mmoja tu

Kuna kanuni moja ambayo ukiikumbuka utamsaidia mtoto wako hata ukisahau mengine yote: miguu miwili iliyopinda sawasawa mara nyingi ni ukuaji, mguu mmoja uliopinda peke yake ni ugonjwa hadi daktari aseme vingine. Huenda mtoto alivunjika karibu na goti na mfupa ukaunga vibaya. Huenda alipata usaha ndani ya mfupa, ambao uliharibu ule utando wa kukulia. Huenda ni Blount.

Mguu mmoja pia unaweza kuwa mfupi. Utagundua siku ya kumjaribisha sare ya shule: upande mmoja wa suruali unaburura na mwingine umepanda. Mtoto hutembelea vidole kwa upande ule mfupi, au huinamisha nyonga. Tofauti ya chini ya sentimita 2 kwa kawaida haihitaji matibabu, lakini ipimwe na ifuatiliwe, kwa sababu inaweza kuongezeka anapokua.

Kumpima nyumbani

Mlaze mtoto chali, miguu imenyooka, pia za magoti zikitazama juu dari. Hili la pia za magoti ni muhimu, kwani mguu uliogeuka huonekana umepinda hata kama haukupinda. Kisha viunganishe vifundo vya miguu na upime nafasi iliyobaki kati ya magoti. Ikizidi sentimita 6, mpeleke akaonwe. Kwa mwenye magoti yanayogongana, unganisha magoti taratibu na upime kati ya vifundo; huyu mpeleke ikizidi sentimita 8. Rula ya shule yatosha.

Andika kipimo na tarehe ndani ya kijitabu cha kliniki. Kila baada ya miezi mitatu mpige picha kwa simu akiwa amesimama bila viatu wala suruali ndefu, magoti yakitazama mbele. Daktari akiona picha tatu za miezi tisa atajua mengi kuliko maneno yako yote. Na kwa kuwa mtoto hurudi kliniki akiwa na miezi 18 kwa chanjo ya pili ya surua na rubela, mwombe muuguzi siku hiyo hiyo amtazame akitembea. Mwambie wazi, "Naomba umwone akitembea," maana foleni ni ndefu na watoto wengi hupimwa uzito mikononi mwa mama bila kukanyaga sakafu.

Mwendo wenyewe pia upime. Wa miaka 3 aweze kusimama kwa mguu mmoja sekunde mbili tatu. Wa miaka 5 akaribie sekunde 10. Kama upande mmoja anaweza na mwingine hawezi kabisa, lichukulie kwa uzito. Bila kungoja kipimo chochote, mpeleke mtoto ambaye bado ana matege baada ya miaka 2 na nusu, anayechechemea, anayelia usiku kwa maumivu ya mguu mmoja, aliye mfupi sana kwa umri wake, au asiyetembea hadi miezi 18. Yule aliyekuwa akitembea vizuri kisha akaanza kupoteza nguvu, aonwe wiki hiyo hiyo. Tatizo lake huenda liko kwenye misuli au neva.

Pesa zinazopotea bure

Viatu vya kunyoosha miguu vimeuzwa kwa miaka mingi na bado vinauzwa. Mwaka 1989 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya watoto wenye nyayo bapa waliofuatiliwa kwa miaka 3, wengine wakiwa na viatu maalum na wengine wakiwa na viatu vya kawaida. Nyayo za wote ziliboreka sawa. Kule India, uchunguzi wa watoto 2,300 uliochapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba nyayo bapa zilikuwa nyingi zaidi miongoni mwa waliozoea kuvaa viatu kuliko wanaotembea peku. Kwa hivyo mtoto anayecheza peku kwenye uwanja safi usimwonee huruma.

Kubebwa mgongoni kwa leso hakuleti matege. Nyonga za mtoto hupenda kukaa zimetanuliwa hivyo, na madaktari waliofanya kazi Malawi waliandika mwaka 2015 kwamba nyonga kuchomoka tangu utotoni ni nadra huko, na wakaona mbeleko huenda ikawa sababu. Nepi nazo hazina hatia. Kukanda kwa mafuta kunampendeza mtoto, na kama kunamletea usingizi endelea, mradi hakuna anayevuta au kuukunja mfupa kwa nguvu. Mtoto mwenye riketi anaweza kuvunjika mikononi mwa mkandaji.

Vile vigari vya magurudumu anavyowekwa mtoto ili ajifunze kutembea haviharakishi chochote, na vimewaangusha watoto wengi kwenye ngazi na majiko. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004. Kumchimbia shimo mtoto aliyechelewa kutembea na kumsimamisha humo, kama wanavyofanya mahali fulani, kunamchosha tu na kumchelewesha kufika hospitalini.

Hospitalini

Anza na hospitali ya kaunti yako, ambako utapata eksirei na kipimo cha damu cha kalsiamu. Ukitumwa mbele, huenda ikawa Kenyatta jijini Nairobi, hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret, kitengo cha mifupa cha PCEA Kikuyu, au hospitali ya watoto ya CURE iliyoko Kijabe. Kama bado hujajisajili na SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, fanya hivyo kabla ya siku ya kulazwa na uulize mapema watalipa nini na wewe utalipa nini.

Wengi wataambiwa warudi baada ya miezi sita. Usikasirike kwamba hukupewa dawa. Kupimwa tena ndiko matibabu yenyewe, na kutorudi ndiko kunakoharibu. Mtoto aliyekwisha fika umri wa kwenda shule na mguu bado umepinda anaweza kuwekewa kibati kidogo chenye skrubu mbili kando ya utando wa kukulia, upande ule unaokua kupita kiasi. Kibati huupunguzia kasi upande huo, na ule uliochelewa huufikia. Kwa kawaida mtoto hutembea siku chache baadaye, bila plasta. Kazi hii hufanyika tu kama mfupa bado unakua, na wasichana humaliza kukua karibu miaka 14, wavulana karibu 16. Baada ya hapo hubaki njia ya kukata mfupa na kuunyoosha, jambo linalomweka kijana nje ya shule kwa muda.

Mwenye kibati ni lazima aonwe kila miezi mitatu. Mguu ukisha nyooka kibati hutolewa, na familia zinazopotea njiani kwa sababu mtoto ameonekana amepona hurudi mwaka wa pili na mguu uleule, safari hii umepinda upande wa pili.